Staa Yuko Juu, Shabiki Yuko Gereji

KWA wale wa Insta hii sio habari mpya. Miezi kadhaa sasa ukifungua simu ni ndinga zilizonyanyuliwa tu. Prado imepandishwa mpaka mtu wa kimo cha kawaida akisimama pembeni kiti kinamfika kifuani, tairi kama za trekta, taa nne juu ya paa, na staa wa Bongo Fleva kaegemea boneti na miwani ya jua saa moja usiku. Maelezo chini ya picha ni yale yale: "Tupo juu." Komenti kama mvua, vimoto kwa vimoto.

Sawa, wapo juu. Tuongelee aliyebaki chini.

Staa mwenyewe hatajwi jina hapa. Wadau mnamjua, na asiyemjua hajapoteza kitu. Ana Prado 150. Aliipeleka kwenye duka moja la kupamba magari hapa Dar, akafungiwa springi na shokapu mpya za kuinua inchi mbili, mikono mipya ya kusimamia miguu ya mbele, alaimenti ikapimwa, halafu tairi za 285/70 rimu 17. Kazi ya maana kabisa, hakuna aliyebahatisha. Ila kwenye video aliyotupia hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kulikuwa na gari likipiga mchanga wa Kigamboni, wimbo wake mpya kwa nyuma, na sauti yake ikisema kunyanyua gari ni maamuzi tu, ukiamua umeamua. Hakusema kama duka lilimkatia bei ili alitangaze. Hakusema bei ni mamilioni mangapi. Na kijana mmoja alipouliza kwenye komenti, "Kaka na mimi nina RAV4, inawezekana?" akajibiwa neno moja.

"Fanya."

Akafanya. Tutamrudia, kwanza tuweke sawa mambo ambayo "Fanya" haikuyabeba.

Tuanze na tairi maana uongo wote unaanzia hapo. Soma pembeni ya tairi ambayo Prado nyingi za aina hiyo zimekuja nayo: 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia, yaani ukuta wa tairi kutoka rimu mpaka barabarani ni asilimia 65 ya ule upana. 17 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha kama milimita 776. Hiyo 285/70R17 ya staa inafika kama milimita 831, ndiyo mtaani wanaiita inchi 33. Tofauti ni 55. Lakini nusu ya tairi iko juu ya ekseli na nusu iko chini, kwa hiyo tairi zimempandisha milimita 27 hivi. Kama upana wa kidole gumba, aisee. Kidole gumba ndicho kimemfanya ahisi yuko Dakar.

Springi za inchi mbili zimeongeza kama milimita 50 nyingine kwenye bodi. Bodi, mdau. Prado kwa nyuma ina ekseli nzima, na lile bonge la difu limekaa katikati ya ekseli. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye tairi. Weka springi ya inchi mbili, weka ya inchi kumi, difu ya nyuma haisogei hata unywele. Jiwe lililokuwa linaigonga juzi litaigonga na kesho. Kinachoinua ile difu ni tairi peke yake, kile kidole gumba.

Springi zina kazi yake, tusizionee. Zinaipa tairi kubwa nafasi isisugue kwa ndani ukikata kona au ukishuka shimo, na bampa na tumbo la gari vinapita vizuri zaidi kwenye matuta na makorongo. Lakini ukishaelewa hilo unaona kwamba mpangilio wa kuchagua umepinduliwa. Anayejua anaanza na swali la njia gani anapita, kisha anachagua tairi la hiyo njia, kisha ndiyo ananyanyua kiasi kile tu kinachotosha hilo tairi kuzunguka. Mastaa wetu wanaanza na urefu kwa sababu kwenye picha ndio unaoonekana. Tairi linafuata lijaze tundu. Njia haiulizwi kabisa, na njia yenyewe ni Masaki kwenda Mikocheni.

Haya, tairi limeongezeka kimo kwa asilimia 7. Spidomita haijui hilo, yenyewe inahesabu mizunguko kama zamani. Dashibodi inasoma 50, gari linatembea 53 na ushee. Inasoma 100, uko 107. Najua wajuzi wataruka kwenye komenti kusema spidomita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo makusudi, kwa hiyo tofauti ya kweli inaweza kuwa ndogo zaidi. Ni kweli. Kamweleze hivyo trafiki mwenye tochi pale. Na kilomita za sevisi nazo zinadanganya: kioo kinaposema 5,000 za kumwaga oili, injini imeshalisogeza gari 5,350.

Nguvu nayo inapungua. Tairi kubwa ni kama umeongezewa mwendo kwenye kila gia bila kuongezewa injini. Gari linakuwa zito kuondoka, gia zinarudi rudi kwenye mlima, mafuta yanaenda. Wenye pesa kamili hubadilisha meno ya difu ili kurudisha nguvu. Staa hakubadilisha, ndiyo maana kwenye video linasikika linalia kuliko linavyokwenda. Sikiliza tena ukiwa umepunguza wimbo.

Lakini hayo ni ya mfukoni. La breki ni la roho. Tairi zito likishaanza kuzunguka halitaki kusimama, na breki ni zile zile. Jaribu kulifikiria hilo ukiwa unashuka Kitonga, kona imekufunga kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo, mbele lori lina bati na saruji, na wewe uko ndani ya gari ambalo kitovu cha uzito wake kimepandishwa kwa ajili ya picha. Wataalamu wana kipimo cha urahisi wa gari kupinduka na hakihitaji digrii: chukua nusu ya umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa dogo, gari linapinduka kirahisi. Ukinyanyua bila kupanua, umelipunguza hilo jibu kwa mkono wako mwenyewe na umelipia.

Halafu kuna watu wa nje ya gari, ambao hawakuulizwa. Boneti ikipanda, mtoto wa shule aliyesimama mbele ya gari haonekani mpaka asogee. Taa nazo zimepanda, kama hazikushushwa upya zinampiga dereva wa bajaji usoni moja kwa moja. Bado zile nne za juu ya paa, ambazo mjini hazina kazi nyingine zaidi ya kupofua watu.

Sasa turudi kwa kijana wa RAV4.

Anakaa Kimara, anauza viatu mtandaoni, mtumba kali zile za Karume anazisafisha anazipiga picha. Gari alilinunua kwa jasho, analitumia kupelekea wateja mzigo. Baada ya ile "Fanya" akaenda gereji moja ya uchochoroni. Hakuwa na pesa ya springi wala shokapu, kwa hiyo fundi akampa spesa. Kwa asiyejua, spesa ni kipande cha nailoni ngumu au alumini kinachochongwa na kuwekwa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Kila kitu cha zamani kinabaki, gari linasogezwa juu tu. Bei yake ndiyo inayofanya watu wapumbazike.

RAV4 sio Prado. Haina chesisi ya kujitegemea, ni bodi moja, na miguu yake yote inategemea pembe ambazo kiwanda kilizipima. Ukiisukuma juu inchi mbili kwa spesa, sivi-jointi, ile jointi yenye buti la mpira inayopeleka nguvu kwenye tairi la mbele, inaanza kuzunguka ikiwa imekunjwa kuliko ilivyozoea. Boljointi ya chini inavutwa kwenye mwisho wake. Mpira wa breki ambao ulikuwa na ulegevu wa kutosha sasa ukishuka shimo unakazika. Kuna spesa ndogo zinazovumilika kwenye magari ya aina hii, watu wanatumia, lakini mwenye akili anaweka kidogo, anakagua hivyo vitu vitatu na kupima alaimenti siku hiyo hiyo. Fundi huyu alimwambia, "Boss alaimenti utapima ukipata nafasi."

Akamalizia na tairi kubwa za mtumba. Kashata zimesimama, ukiziangalia unasema mpya. Hakuangalia tarehe. Kila tairi lina tarakimu nne za mwisho kwenye ile mistari ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Zake zilisomeka 3212, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2012. Mpira wa umri huo umekauka hata kama kashata zimejaa.

Wiki tatu za raha. Picha zilipigwa, tena alimtagi staa, na staa akaipandisha kwenye stori yake kwa masaa 24. Huo ndio mshahara wote alioupata kijana kwa kazi yote ile. Wiki ya nne akikata kona gari likaanza kulia ka-ka-ka-ka mbele kushoto. Buti la sivi lilishapasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu. Akaambiwa avumilie, ni kawaida kwa gari lililonyanyuliwa. Wiki ya sita, kwenye mteremko wa kuelekea Goba, jioni, mzigo wa viatu nyuma, boljointi ikaachia. Tairi la mbele kushoto likalala kama mguu uliovunjika, gari likakita chini hapo hapo. Mwendo ulikuwa mdogo, yeye hakuumia. Bodaboda aliyekuwa nyuma yake hakuwa na pa kwenda. Akaingia kwenye buti ya gari, akarushwa mtaroni, akavunjika mfupa wa bega.

Dereva wa bodaboda ana mke na mtoto na pikipiki ni ya mkataba. Mkataba hausubiri bega lipone. Watu wa bima walipokuja swali la kwanza lilikuwa spesa ziliwekwa lini na nani aliarifiwa. Hakuna aliyearifiwa. Nani huwa anaarifu bima? Lakini ndivyo ilivyo: ukibadilisha gari kiasi hicho bila kuwaambia, umewapa mlango wa kutokea. Wakati barua zinaenda na kurudi, kijana ameuza stoki yote ya viatu kwa bei ya kutupa kulipia hospitali, na RAV4 iko juu ya matofali.

Aliituma picha ya gari kwa staa kule chemba. Hakutukana, aliandika tu, "Kaka naomba unisaidie hata kuwaambia watu wawe makini." Akapigwa bloku. Wadau walipoanza kuichachua ile habari kwenye ukurasa wake, staa akaandika kwamba asichoshwe, kila mtu ana gari lake na akili yake, na yeye si fundi.

Hapo kwenye "mimi si fundi" ndipo panapochefua. Alipokuwa anauza alikuwa mtaalamu. Alisema ukiamua umeamua. Aliambiwa jina la gari, RAV4, herufi na namba, na akajibu kwa uhakika. Sasa amekuwa raia wa kawaida asiyejua boljointi ni nini. Mashabiki zake wa kufa na kupona wanasema kijana ni mtu mzima. Ni kweli ni mtu mzima, na fundi wake ana kesi yake peke yake kubwa tu. Lakini tuseme ukweli: huyo kijana asingefikiria kunyanyua RAV4 maisha yake yote kama asingeoneshwa kwamba mtu wa maana ana gari refu. Anayeonesha akalipwa kwa kuonesha, hata kama amelipwa punguzo, ana deni la kuonesha na risiti.

Halafu kuna hili ambalo mashabiki hawalijui, au wanalijua wananyamaza. Ile Prado imeshateremshwa. Ndiyo. Mama yake staa ni mtu mzima wa magoti, alikuja kutoka mkoani, akashindwa kupanda. Siku ya kwanza walimwekea kigoda, siku ya pili akasema yeye atapanda bajaji. Na lilikuwa linavuma barabarani kwa zile kashata kubwa mpaka simu haisikiki, mvua ikinyesha lami ikawa kama imepakwa sabuni. Kashata za matope zina mianya mipana kwa sababu zimetengenezwa kutema tope. Kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa chini ni mchache. Springi za zamani zimerudi, tairi zimeuzwa kimya kimya. Picha za juu juu bado zinapandishwa, za zamani, kana kwamba za leo. Kijana wa Kimara yuko kwenye matofali kwa kuiga kitu ambacho mwenyewe ameshakivua.

Ili isionekane mastaa wote ni wale wale, yupo mwigizaji mmoja wa tamthilia, mwanamke, ana Jimny ya umbo jipya. Ana shamba upande wa Kisarawe na msimu wa mvua njia inakuwa uji. Watu wakamsakama: mbona Jimny yako fupi, mbona hujainyanyua, umeishiwa? Akawajibu kwa maandishi marefu ambayo yalipata vimoto vichache kuliko picha yake ya kucha. Kwamba gari limekuja na tairi za 195/80R15, ameweka 215/75R15 za njia mchanganyiko, kimo kimeongezeka kama sentimita moja tu na hakuna kilichosugua. Kwamba Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma, ukiinyanyua sana bila kurekebisha pembe ya ekseli ya mbele usukani unaweza kuanza kutetemeka ukiwa kwenye mwendo mpaka mikono ife ganzi. Na kwamba kilichomtoa kwenye tope mara zote ni pampu ndogo ya upepo na kipimo chake. Akasema na jina la tairi na alinunua kwa pesa yake. Hivyo tu. Ni vigumu hivyo?

Hiyo ya upepo ndiyo wanaume wa Kigamboni hawataki kusikia. Kila wikiendi kuna chuma kirefu kimezama mchangani, tairi limejazwa 35 kama liko lami, dereva anakanyaga mafuta linachimba kaburi lake. Punguza mpaka kama 20, tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa, linaelea. Bure. Ukirudi lami unajaza. Hakuna duka litakalokupa punguzo utangaze kutoa upepo, kwa hiyo hakuna staa atakayekuambia.

Na kama mtu anataka kujua gari la porini linafananaje, aende Arusha akaangalie Land Cruiser za watalii. Nyingi ni zile za mkonga, ekseli nzima mbele na nyuma, zinashinda kwenye udongo mweusi wa mbugani ambao ukilowa unashika kama gundi. Springi zake zimekazwa kwa sababu zinabeba watu, mizigo na mafuta siku nzima. Na tairi? Wengi bado wanatumia 7.50R16, ndefu na nyembamba, haina mvuto hata kidogo, inakata tope mpaka ipate ardhi ngumu. Wale madereva gari likikwama ni kibarua chao kimekwama, na hakuna anayewapigia picha.

Ijumaa iliyopita duka lile lile limepata sura mpya, mchekeshaji mmoja anayepanda kwa kasi, na Harrier nyeupe. Spesa, tairi nene, wimbo, "Tupo juu." Ukishuka kwenye komenti, ya nne au ya tano, kuna binti ameuliza kama hiyo spesa inafaa kwa gari linalobeba watoto wa shule. Amejibiwa vimoto vitatu.

Mwenye namba ya yule binti amtumie huu uzi. Na mwenye gari lililonyanyuliwa likamkubali, aweke hapo chini: gari gani, tairi namba ngapi, fundi alibadilisha nini na nini, na bei.